Dada Dafrosa na Chakula cha Ukweni

Dada yangu Dafrosa tangu azaliwe hajui kukaa. Pale kijijini kwetu Kakese jembe lake ndilo la kwanza kutoka na la mwisho kurudi, na hata kanisani anasali huku mguu unamcheza. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia ana presha, ameze dawa, apunguze chumvi na mafuta na atembee kila siku, nilijua tumekwisha. Alfajiri ananigongea dirisha twende tukatembee. Tukirudi, anapitia jikoni kuonja mboga ya mke wangu na kumsomea mashtaka ya chumvi.

Lakini masharti aliyashika kwelikweli, na kipimo kikashuka. Kitu kimoja tu hakukitaka: habari hiyo itoke nje ya familia. Mwanawe Gideon alikuwa amepata mchumba, Annonciata wa kijiji cha Kasansa, na dada alijua wakwe huuliza kwanza ukoo una magonjwa gani.

Siku ya kujitambulisha ukweni tulikwenda watatu, mimi nikiwa mjomba mtu na msemaji. Njiani dada hakutulia. Kila basi liliposimama alishuka akazunguka, kisha akarudi kuniuliza tukipewa chakula chenye chumvi nyingi itakuwaje. Nikamwambia ale kidogo, siku moja haina neno. Alinitazama, akashuka tena kuzunguka basi.

Kwa mzee Silvesta, baba yake Annonciata, tulipokewa vizuri mno. Walikuwa wamechinja mbuzi. Wali uling'aa mafuta, mchuzi mzito, na pembeni samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Dada akanawa, akachukua ndizi mbivu moja, akasema ameshiba. Nani anashiba ukweni kabla hajala? Sahani yake ikabaki vilevile, na mazungumzo yakaanza kukauka. Yeye anakunja kanga, anaikunjua, anasimama eti ananyoosha miguu uani, anarudi kukaa. Nilimkasirikia sana.

Ndipo bibi yake Annonciata, mama mzazi wa Silvesta, akajivuta kwenye mkeka, akaisogeza sahani ya dada na kuanza kula. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, mbele ya macho yetu. Alikuwa anatuonyesha kwamba chakula chao hakina sumu. Moyo uliniuma, mama wa watu kulazimika kujitetea hivyo nyumbani kwake kwa sababu yetu. Na nilijua tukiondoka vile, harusi hakuna.

Dada naye alielewa. Akapiga magoti, akamshika bibi mkono wenye tonge.

"Mama, acha. Chakula chenu ni kizuri. Mimi nina presha, ndiyo maana naogopa chumvi. Na baba yake Gideon presha ndiyo ilimwangusha shambani akafa, sisi tukasema karogwa. Hakurogwa."

Hata mimi sikuwahi kumsikia akitamka hivyo. Kuna jirani pale Kakese hatusalimiani naye mpaka leo kwa ajili ya kifo kile. Gideon aliinamisha kichwa, na dada akarudi mkekani.

Silvesta akaniuliza mimi, msemaji:

"Na kijana, amepimwa?"

Alikuwa hajapimwa. Gideon anabeba gunia la mpunga peke yake, na mama yake akimwambia habari za kupima humjibu kwamba presha ni ya wazee. Silvesta akasema basi, maneno mengine yasubiri.

Tulilala palepale, na asubuhi tukaongozana wote zahanati. Gideon alipoingia, dada alianza kulizunguka jengo, na safari hii haikuwa mazoezi. Kipimo kikasoma juu. Muuguzi akampumzisha, akapima tena, kikasoma juu vilevile. Alisema arudi siku nyingine ili wahakikishe, lakini dada alikuwa ameshaegemea ukuta analia, anasema mdomo wake ndio umemvunjia mwanawe ndoa.

Silvesta akamgeukia binti yake, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia uamuzi ni wake, aseme bila kumwogopa mtu.

Annonciata alimtazama Gideon, akamtazama dada, kisha baba yake.

"Baba, nilimkubali akiwa hajijui," alisema. "Leo anajijua. Sasa nimkatae kwa lipi?"

Silvesta alivua koti, akampa bintiye amshikie, akakunja mkono wa shati na kuingia kwa muuguzi ili naye apimwe.