Siku Niliyohama Mtandao Nikaishia Bafuni kwa Mkwe

Jamani, hili nalisema nimeinamisha kichwa, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize: mimi, mtu mzima mwenye ndevu, niliwahi kuingia bafuni kwa mama mkwe wangu, mwenyewe akiwa ndani, siku ya posa, ukoo mzima ukiwa uani. Na sikuwa nimelewa, haki ya Mungu. Nilikuwa nimehama mtandao tu.

Miaka ile nilikuwa mchimbaji Nyarugusu, na Kabula alikuwa fundi cherehani Geita mjini, tumependana mpaka tumechoka kujificha. Wazee wake, wanaokaa nje kidogo ya Kagongwa, wakakubali tuje Jumamosi tuongee. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, maana siku kama ile muoaji mwenyewe ni mzigo tu, unakaa kwenye kigoda unaangalia vidole vya miguu na hutakiwi kufungua mdomo. Baba mdogo alikuwa anatokea Shinyanga mjini na kwao Kabula hapajui, kwa hiyo tukakubaliana akishuka Kagongwa anipigie simu, nimfuate.

Sasa mwenye akili timamu angeilinda simu hiyo kama yai. Mimi siku moja kabla nikaamua kuhama mtandao.

Laini yangu ya zamani kule mashimoni ilikuwa inashika kwa kubahatisha, na pale stendi ya Geita kulikuwa na mwavuli, spika inapiga muziki, na dada mmoja mchangamfu anasema hama kwetu, namba yako ileile, dakika za bure mwezi mzima. Kabula akaniambia, "Si usubiri turudi kutoka nyumbani?" Nikamjibu (na jibu hili hunirudishia mpaka leo tukikwaruzana), "Namba si ileile? Cha kuharibika hapo ni nini?"

Cha kwanza kuharibika kilikuwa vidole. Yule dada akasema weka dole gumba hapa, nikaweka, kimashine kikakataa, weka jingine, kikakataa, tukamaliza mkono wa kulia wote huku foleni nyuma yangu inaanza kuguna. Akanigeuza kiganja, akakitazama, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni, "Kaka, wewe alama zako zimefutika!" Ndivyo tulivyo, miaka sita ya nyundo na mwamba, vidole vinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Watu wakacheka. Mama mmoja muuza ndizi akanipa limau nijisugue, mwingine akasema pakaa mafuta ya kupikia, nikapakaa, nikasimama pale nanuka kama kachumbari, mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho sijawahi kukifanyisha kazi yoyote, kikakubali.

"Tayari," akasema. "Ya zamani itakufa, hii itaamka baada ya muda kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, kaka. Usiwe na wasiwasi."

Basi kwa mbwembwe nikaitupa ile laini ya zamani kwenye mtaro. (Namba zangu zote za watu zilikuwa zimehifadhiwa humo humo kwenye laini, hata ya baba mdogo. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.)

Jumamosi asubuhi simu ilikuwa inasema hakuna huduma. Tukafika kwao Kabula, hakuna huduma. Kabula akachukuliwa ndani na shangazi yake, nami nikakalishwa chini ya ukingo wa paa, mbele ya wazee watano waliokunja nyuso. Saa tatu, saa nne, saa tano, baba mdogo haonekani. Baba mkubwa wa Kabula, ndiye aliyekuwa mkuu pale, akagonga fimbo chini, akasema, "Sisi tumetoka mbali. Jua likipinduka tunaondoka, tutakutana baada ya mavuno."

Baada ya mavuno! Kulikuwa na mfanyabiashara wa mchele hapo Kagongwa, ana mashine yake ya kukoboa, alikuwa anamtaka Kabula tangu zamani na wazee hao hao walikuwa wanampenda. Nikiondoka mikono mitupu siku ile, mavuno yangemkuta Kabula kwa mtu wa mchele.

Nikaomba ruhusa nitafute mtandao. Pale kijijini simu zote zilikuwa zinashika sehemu moja, kwenye kichuguu kikubwa kando ya barabara, na ukitaka kuongea na mtu unapanda pale unaongea mbele ya kijiji kizima. Nikapanda kichuguu. Wenzangu wenye mtandao wa zamani walikuwa wanaongea hadi wanakohoa, mimi hakuna hata kimstari kimoja. Kuazima simu ningeweza, lakini nimpigie nani, na namba iko mtaroni Geita?

Nikarudi nyumbani nimeinua simu juu. Kwenye zizi, nikaona kimstari kimoja, nusura niibusu simu. Nikasogea nyuma ya nyumba, viwili. Nikawa natembea kinyumenyume, macho kwenye kioo, kila hatua kinazidi, nikasukuma kitu fulani kwa mgongo (lilikuwa gunia, gunia la mlangoni), na hapo vikajaa vyote, vimistari vyote! Ujumbe ukaanza kumiminika, wa kwanza unasema hongera, umefanikiwa kuhama, karibu nyumbani. Na papo hapo simu ikaita.

"Haloo! Haloo! Baba mdogo!" Nikaweka sauti ya juu nimsikie vizuri.

Nyuma yangu sauti ikasema taratibu, "Nani huyo?"

Nikadhani inatoka simuni. "Ni mimi," nikasema, "mkwe mwenyewe!"

Halafu nikasikia maji yanatiririka kwenye ndoo. Nikageuka. Mama Kabula alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, amejifunga kanga, povu limejaa usoni, jicho moja limefumbuka. Nyie, mnajua kwetu Usukumani mkwe ni mtu wa namna gani. Humkaribii, humshiki mkono, mkikutana njiani mmoja anapisha porini. Na mimi nimesimama bafuni kwake, kwenye uzio wa mabua, nimeinua simu.

"Mayu wane!" akapiga yowe, anamwita mama yake kwa Kisukuma.

Na yowe huku kwetu halipigwi bure. Likipigwa, kila mwenye fimbo anatoka. Wazee wakaja mbio, majirani wakaja, niliowaacha kwenye kichuguu wakateremka, mtu akapuliza filimbi ya sungusungu, na mimi nimetoka pale nimekaa chini matopeni, kichwa katikati ya magoti, na simu bado inapiga kelele mkononi: "Uko wapi wewe? Nimesimama hapa Kagongwa tangu saa tatu! Sema uko wapi!"

Baba mkubwa akaniangalia. "Mjibu mzee wako," akasema.

Nikajibu. "Niko bafuni kwa mama mkwe."

Halafu baba mdogo akasema, "Nakuja na bodaboda," akakata.

Alipofika kesi zilikuwa mbili, posa na kosa, na ya kosa ikaanza. Baba mdogo aliomba radhi mpaka akapiga magoti, nami nalia waziwazi, siwafichi, maana nilijua nimempoteza Kabula kwa ajili ya dakika za bure. Mwisho baba mkubwa akasema aulizwe mwenyewe aliyekosewa, anataka nini ili aibu hii ifutike. Shangazi akaingia ndani. Tukasubiri. Akatoka ameuma upindo wa kanga, mabega yanamtikisika.

"Anasema mbuzi hataki," akasema. "Anataka laini. Ya mtandao huo huo uliomfuata bafuni."

Kumbe mama wa watu miaka yote alikuwa anaongea na binti yake juu ya kichuguu, mbele ya watu kumi, hawezi kusema lolote zaidi ya salamu, na siku ile pamoja na povu machoni aligundua kwamba bafuni kwake kuna mtandao na hakuna wa kumsikiliza. Wazee wakacheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Posa ikapokelewa siku ileile.

Ndivyo nilivyopata mke, na ndivyo nilivyopata mama. Wangu alifariki nikiwa mdogo sana, hata sauti yake siikumbuki. Uso kwa uso na Mama Kabula tuliendelea kuheshimiana, nikienda nyumbani ananipitia mbali kajifunika kanga, lakini Jumapili mchana simu inaita na sauti inasema, "Mkwilima," yaani mkwe wake, "nimekalia ndoo, ongea." Basi tunaongea! Alinisimulia ujana wake, mambo ambayo hata Kabula hayajui. Mwaka shimo la jirani lilipotitia ni yeye aliyenibembeleza mpaka nikaacha kuchimba, anasema, "Toka humo baba, njoo juu." Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa nangoja Jumapili kama mtoto.

Mwaka jana wamejenga mnara karibu na shule pale kijijini. Sasa simu zinashika mpaka jikoni, na mama amezeeka, hana tena sababu ya kwenda na simu bafuni, anaongelea sebuleni amezungukwa na wajukuu na mawifi, na heshima ya mkwe imekaa naye hapo hapo kwenye kochi. Hamjambo, wazima, haya. Dakika mbili.

Mimi nimeapa sihami mtandao tena, hata wanipe dakika za miaka kumi, na laini yangu haitoki humu simuni mpaka simu ife. Lakini Jumapili iliyopita uvumilivu ukanishinda, nikamwambia, "Mama, mbona siku hizi hatuongei?"

Nikasikia televisheni, na watoto wanagombea kitu.

"Mkwilima," akasema kwa sauti ya chini, "siku hizi mtandao uko kila mahali. Nitaongelea wapi?"

Kisha akauliza kama watoto wamekula, nikasema wamekula, akakata.