Usichokielewa Usikibandike

Habari za msiba zilinikuta kwa kinyozi hapa Mikumi, povu la sabuni likiwa bado shingoni. Mwanamke aliyekuwa na steshenari karibu na stendi amefariki. "Yule mama wa kompyuta," alisema kinyozi, kisha akaendelea kunyoa. Kwa wengi wetu alikuwa huyo tu, mtu wa fotokopi, mkali, asiyemchekea mteja. Tulijua, ila tukapuuza, kwamba alijifunza mwenyewe kutengeneza tovuti kwa kuandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta, mstari kwa mstari, kwanza kwenye daftari la kaunta, kisha kwenye kompyuta moja iliyozimika kila joto lilipozidi.

Tovuti yake ya kwanza ilikuwa ya ushirika mmoja wa wakulima wa miwa upande wa Kidodi. Haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na majina ya wakulima na siku ya kila mmoja kukatiwa miwa yake, basi. Mzee mmoja wa Ruaha, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando la jero, yaani la mia tano, aliifungua, na chai yake ikiwa bado ya moto akawa ameshaijua zamu yake. Wakubwa wa ushirika wakaona aibu. "Dada, hii ya kizamani," mwenyekiti alimwambia mbele yangu. "Wenzetu wana picha zinazotembea." Wakaleta mtaalamu kutoka mjini, naye akabandika tovuti iliyotengenezwa na watu wengine kwa kazi nyingine. Ilizinduliwa kwa keki. Ukurasa wa mbele ulibaki na maneno "Andika jina la kampuni yako hapa", na hakuna kiongozi aliyeyaona, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyeifungua. Mzee wa Ruaha aliifungua. Kiduara kilizunguka hadi bando likaisha. Malori yalipokuja, yeye alikuwa msibani Kidete bila habari, na miwa yake ikabaki shambani ikikauka. Viongozi walimshauri anunue simu nzuri. Hao ndio tunaowapigia makofi kila mkutano.

Mimi nami niliwahi kwenda kwake kujifunza, nikitaka tovuti ya kuweka makala zangu. Siku ya tatu nilichoka kuandika, nikanakili msimbo wa mtu mtandaoni, ukatokea ukurasa wa kupendeza. Aliutazama kidogo tu.

"Mstari huu wa nne unafanya nini, kaka?"

"Sijui, dada, lakini si unaona inafanya kazi?"

"Futa. Usichokielewa usikibandike."

Nilinuna, nikaaga, sikurudi tena. Mtaani nikasema ana roho mbaya.

Juzi tumemzika. Katibu wa ushirika alisimama na miwani yake ya jua, akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba marehemu alikuwa "baba mwema", na kwamba ameacha mjane na watoto sita. Mwanamke huyu hakuwahi kuolewa wala kuzaa. Watu wakaguna. Dada yake, aliyekuwa ameinama karibu na jeneza, akainua uso akauliza, "Jamani, mnamzika nani?" Katibu akaendelea kusoma hadi nukta ya mwisho, maana karatasi ndivyo ilivyosema.

Ningependa kuishia hapo, nikimcheka katibu, na anastahili kuchekwa. Lakini nyani haoni kundule. Jioni ya kabla ya mazishi katibu alinipigia simu, akaniomba mimi, mwandishi, niandike wasifu ule. Nilikuwa nimechoka. Nikachukua wasifu niliowahi kumwandikia marehemu mhazini wa ushirika, nikabadilisha jina juu, nikatuma. Sikuusoma tena hata mara moja.

Kubandika ni dharau, wasomaji wangu. Ni kumwambia mtu kwamba hastahili kuandikiwa chake. Viongozi walimfanyia hivyo mzee wa Ruaha, nami nimemfanyia mwalimu wangu mbele ya jeneza lake. Makala hii nimeiandika kwa kalamu, na kila mstari najua unafanya nini. Haisaidii kitu sasa. Dada yake aliuliza tunamzika nani. Mimi nilikuwa nalijua jibu, nikanyamaza nyuma ya watu.