Gunia Lililopita Jikoni

Mafuriko ya mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, yalibeba mpaka mbegu zetu. Nilikuwa nimetoka Uchindile kuolewa Lupiro, hata msimu mmoja sijamaliza, na mimi ndiye niliyetumwa Ifakara kununua mbegu nyingine za mpunga. Zisipoota, nyumba nzima ingelala njaa.

Niliporudi, mama mkwe alichota kiganja kimoja, akaziloweka, akazifunga kwenye kitambaa kibichi na kuziweka karibu na mafiga. Nikaona ananipima mimi, nikanuna. Siku za kuota zikapita, na kitambaa kilipofunguliwa hapakuwa na hata punje moja iliyochipua. Nilinyong'onyea kabisa, maana mvua za kupandia zilikuwa zimeshakaribia.

"Zirudishe," mama mkwe alisema. "Usigombane, mwanangu. Eleza tu."

Mimi nisigombane? Nilivuka mto na mfuko wa mbegu kichwani, matusi yangu nimeyapanga tayari. Mwenye duka, mzee rika la baba yangu, alinisikiliza, kisha akanionyesha kibao ukutani: Mali ikishauzwa hairudishwi.

"Shikamoo, baba," nilisema, maana kwa hasira nilikuwa nimesahau kumwamkia. "Kibao nimekiona. Ila mimi niliomba mbegu, na wewe ukaniambia hizi ni mbegu. Hazioti."

"Marahaba. Mmeloweka vibaya hizo."

"Basi menya moja, uing'ate."

Aliing'ata shingo upande. Punje ilikuwa ngumu kama kokoto, ya njano, inang'aa. Uso ukambadilika. Akamwita mkewe kutoka uani, naye alipotazama gunia nililopimiwa akashika kichwa. Ulikuwa mpunga wao wa kula, uliolowa mvua, akauchemsha na kuuanika ili usikatikekatike mashineni. Mawingu yalipotanda, mzee mwenyewe akauzoa na kuuingiza dukani, kwenye magunia ya mbegu.

"Nimekuuzia wali, mwanangu," alisema taratibu. "Nisamehe."

Matusi yote yakaniishia mdomoni. Alinifungulia gunia jingine, nikang'ata punje za juu na za chini, zikavunjika nyeupe, naye akasubiri bila kununa mpaka niliporidhika, akanijazia mfuko. Kisha akafunga duka na kutoa baiskeli kwenda kuwatafuta wengine waliouziwa gunia lile. Mmoja alikuwa mfugaji wa Kisukuma wa njia ya Mkula, anayelima mpunga kwa mara ya kwanza. Yule angepanda, angesubiri, na angeilaumu ardhi.

Mvua ilinikuta kwenye kivuko. Nikavua kitenge cha mabegani nikaufunika mfuko, nikalowa mimi. Mama mmoja aliyesimama kando akaniuliza nimebeba nini cha kunifanya ninyeshewe hivyo.

"Chakula chetu cha mwakani," nilimjibu, na machozi yakanitoka kwa furaha.