Siku Tuliyopiga Kura juu ya Mawe

Kwenye zahanati ya upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jiwe lilikuwa mtu. Unalileta alfajiri, unaliweka kwenye mstari, unarudi shambani kupalilia. Mstari ukisogea, waliopo wanakusogezea. Hakuna aliyeiba nafasi ya jiwe. Mimi mwenyewe niliuona utaratibu mzuri, mpaka mdogo wangu alipoanza kuzidiwa.

Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika mifupa hayangoji zamu. Siku moja alilia nyuma ya mawe mpaka sauti ikakauka, mwisho tukakimbizwa Mbarara kwa gari la wagonjwa. Kule muuguzi alisimama mlangoni, akatutazama sote, akasema huyu aingie kwanza. Basi, nilirudi nyumbani na wazo hilo la aliyezidiwa kuingia kwanza, kama mtu aliyeomba moto kwa jirani, anaogopa usimzimikie njiani. Shule niliishia darasa la sita, lakini siku hiyo nilijiona mbunge.

Mwenyekiti wa kijiji alilipenda wazo langu. Daktari wa zahanati naye alikubali, ila akataka wanakijiji wapige kura kwanza. Hapo ndipo upinzani ulipozuka. Uliongozwa na jirani yetu, mama mjane, aliyekuwa akiwapangia mawe wazee wa mtaa mzima kila alfajiri. Mimi na vijana wenzangu tulimwita malkia wa mawe. Mkutanoni alisimama, akasema bila kunitazama:

"Jiwe haijue kabila. Jicho ya mutu inajua. Kesho mutasikia batu ba kwabo njo bagonjwa, siye tuko bazima."

Watu walipiga makofi. Hata mikono yangu ilitaka kupiga, maana upendeleo wa kikabila pale mlangoni sikuwahi kuufikiria.

Mwenyekiti akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wenyeji wa Rugaaga, wanaotibiwa hapo pia, aliwaahidi kwamba siku yao ya chanjo haitaguswa. Wazee aliwaahidi benchi. Nikamlalamikia kwamba anagawa wazo langu vipande vipande. Akacheka.

"Kijana, asiyepata mfupa hupindua sahani. Nenda kwa yule mama. Mimi sina cha kumpa."

Nilimkuta anachambua maharage. Nikaanza kwa kuomba msamaha wa lile jina. Akasema analijua, tena halimsumbui, malkia si tusi. Kisha nikamuuliza ni kitu gani kingemwondolea woga. Akatupa pembeni maharage mabovu.

"Nikae pale mulangoni na muganga. Macho ine. Na mawe ibakie kwa bale benye habaumwe sana."

Mimi niliota zahanati isiyo na jiwe hata moja, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuyatupa. Hata hivyo nikakubali. Mwenyekiti na daktari nao wakakubali, na mimi nikabaki na wasiwasi kama wazee wake watamfuata.

Tulipiga kura Jumapili uwanjani, kwa kusimama: wanaotaka nyuma ya mwenyekiti, wasiotaka nyuma ya mzee mmoja wa mtaa wa yule mama. Mstari wa mzee ulikuwa mrefu, wetu ulikuwa aibu tupu. Mdogo wangu mwenyewe hakuweza kuja kusimama. Yule mama mjane alichelewa. Alipofika alipita katikati ya mistari, akaja nyuma yangu, akawageukia wazee wake.

"Munangoja nini?"

Wakaanza kuja mmoja mmoja, na fimbo zao. Tulishinda kwa tofauti ya watu wachache.

Wiki hiyohiyo maumivu yalimshika mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mlangoni yule mama na muuguzi walikuwa wakibishana kuhusu babu mmoja mwenye kikohozi. Walipotuona, wote wawili walitupisha, kisha wakaendelea na ubishi wao. Saa tatu asubuhi mdogo wangu alikuwa kitandani, amewekewa dripu, ananiuliza kama nje kuna anayeuza chapati. Nilitoka mbio kutafuta.