Hodi kwenye Hekalu la Wagiriki

Arbab wangu, yaani bosi, hakuamini kwamba kichwani mwa dereva kuna kitu zaidi ya njia. Miaka mitatu nilimwendeshea gari la watalii kutoka Deira, Dubai, hadi Umm al-Quwain, kwenye magofu ya hekalu la kale. Ni safari ya nusu siku tu, mnaondoka saa moja asubuhi na kabla ya adhuhuri mmesharudi. Mwongozaji hushuka na wageni, akawapa maneno matamu, akapigwa picha nao. Mimi hubaki garini na kiyoyozi. Leseni ya kuongoza watalii nilikuwa nayo, nimeisomea kwa jasho langu, lakini kila nilipomwonyesha arbab aliitazama kidogo kama risiti ya chakula, akanirudishia.

Januari moja mwongozaji wetu akaenda likizo kwao, na mgeni aliyekuwa amelipia akawa mmoja tu. Arbab hakuwa na namna. Akaniita ofisini akaniambia nitaendesha mimi na nitaongoza mimi, mara moja hiyo tu, na tukirudi atamuuliza mgeni mwenyewe. Akiridhika, kazi ya kuongoza ni yangu. Akilalamika, nirudi kwenye usukani na asisikie tena habari za leseni, khalas.

Nilifurahi mpaka nikasoma karatasi ya mgeni. Mama wa Kigiriki, mwalimu mstaafu wa historia. Na kipeperushi chetu, kwa herufi kubwa za dhahabu, kilisema tunawapeleka watu kwenye hekalu la Kigiriki. Mimi nimesoma, najua si kweli. Walijenga wenyeji wa huku, kwa ajili ya mungu wao wa jua, wakapaka kuta plasta na kuinakshi kwa mtindo wa Kigiriki kwa kuwa ndio uliokuwa umeshika wakati ule. Nilipomgusia arbab, alinikata jicho, akasema nifuate kipeperushi.

Tulikuwa tunaishi Al Quoz, watu sita chumba kimoja, na mwenzangu mmoja wa Mombasa alijitolea kunipa mazoezi. Alijifunga taulo kichwani, akakaa kitandani kwake juu akajiita madam, na kuanza kuniuliza maswali. Yote yalikuwa ya kipuuzi. Aliuliza Wagiriki walikuwa wanakula nini asubuhi, na kama walikuwa na kafeel wa kuwadhamini viza. Tulicheka mpaka wengine wakatutupia mito, lakini nilienda kulala nikiwa nimekariri kila kitu.

Mgeni alinisubiri mlangoni mwa hoteli, mfupi, nywele nyeupe, viatu vya kitambaa. Akakaa mbele, karibu nami, jambo ambalo wageni hawafanyi. Kwa hofu niliongea njia nzima bila kituo. Nilimweleza Sharjah, nikamweleza Ajman, nilipoishiwa nikamweleza matairi. Yeye alitikisa kichwa kwa adabu. Tulipokaribia akauliza jambo moja tu, kama kweli hekalu hilo ni la Kigiriki.

"Ndiyo, madam," nikasema. "La kwenu kabisa."

Nilijisikia vibaya papo hapo. Mama mtu mzima, mwalimu, namdanganya mchana kweupe juu ya mambo ya kwao.

Mlinzi alitufungulia lango la uzio, tukatembea mchangani. Miaka yote ile nilikuwa nimeliona hekalu kwa mbali, kupitia kioo cha gari. Kumbe ni dogo kuliko sebule ya kwetu Tanga. Kuta zimebaki fupi, paa hakuna, jua linaingia litakavyo. Lakini mlango upo, na kizingiti chake kipo, kimelika katikati kwa nyayo za watu. Nilipofika pale nilitakiwa kugeuka, kunyoosha mkono na kuanza maelezo. Badala yake miguu ikasimama yenyewe na mdomo ukasema hodi.

Kimya. Nikasema tena hodi. Kimya. Ya tatu niliitoa kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipotambua ninachofanya. Yote niliyokariri yakanitoka, hata moja halikubaki.

Mgeni akauliza mbona hatuingii. Sikuwa na uongo mwingine karibu, nikamweleza ukweli. Kwetu huingii kwa mtu hivi hivi. Unabisha hodi, na mwenye nyumba akikujibu karibu, ndipo unaingia. Ukibisha mara tatu pasiwe na jibu, unarudi ulikotoka, hata kama mlango uko wazi. Mama yangu hakuwa na mchezo katika hilo, nimechapwa kwa ajili yake. Nikamwomba radhi, nikasema ni mazoea tu, wenyewe wamekufa zamani.

Hakucheka. Alifikiri kidogo, akanipita, akavuka kizingiti, kisha akageuka akasimama katikati ya hekalu akinitazama.

"Si umesema ni la kwetu?" akaniuliza. "Basi mwenyeji ni mimi. Karibu."

Alilitamka vibaya, lakini alilitamka. Sitaficha, machozi yalinilenga. Majumba mangapi nimewafikisha watu Dubai, hoteli ngapi, nami daima ni wa kungoja nje. Hilo neno sikuwa nimeambiwa na mtu wa nchi yoyote tangu niondoke nyumbani.

Nikaingia. Na kwa kuwa nimekaribishwa, uongo ukanishinda. Nikamwambia madam, nimekudanganya, hili si la kwenu, ni la watu wa hapa hapa. Akasema anajua. Amefundisha mambo hayo maisha yake yote, alitaka kuona nitakaa na uongo ule mpaka saa ngapi. Kisha akaniambia nimweleze vizuri, na nikamweleza, ukuta kwa ukuta, mpaka mlinzi akaja kutuambia yalla, muda umekwisha.

Arbab alikuwa ameshafika hotelini anatusubiri. Alimuuliza mgeni mbele yangu, bila haya, kama nimefaa. Mama akasema kipeperushi kina uongo na kibadilishwe. Akaendelea kusema kwamba mwongozaji wake amemwambia ukweli, na kwamba ameongozwa na wengi, lakini hajapata kuona anayeomba ruhusa kwanza kwa wenye mahali.

Arbab akaninyooshea mkono.

"Lete ufunguo wa gari."

Nikampa. Nikajua nimefukuzwa hata kwenye usukani.

"Jumapili atakuja dereva," akasema. "Wewe kaa na wageni."

Nilirudi Al Quoz kwa basi, nimesimama njia nzima, na wala sikuhisi miguu.