Lita Moja ya Mwanangu

Mwaka wetu wa kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale niliuza maharage kando ya njia, na kipimo changu kilikuwa mkebe wa maziwa ya unga. Ukijazwa mpaka maharage yafanye kichuguu juu, tuliita kilo. Mkebe ule haukuwahi kupanda mizani. Lakini mimi nilikuwa nimefika darasa la sita kule Kivu ya Kusini, na nilikumbuka vizuri kwamba kilo ya maji ni lita moja. Basi mkebe wangu ni lita. Nani angenibishia?

Mwanangu wa kwanza, mwenye miezi minane, aliposhikwa na kuhara, zahanati ilinipa pakiti mbili za dawa ya chumvi na sukari. Kila pakiti ikorogwe katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Nikapima kwa mkebe. Mama mkwe wangu, aliyeishi nasi, alionja akatema.

"Chumvi iko mingi, mwanangu. Hii haiko ya mutoto."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hakukanyaga shule, asinifundishe vipimo. Akaenda kuchambua mboga.

Mtoto alikunywa siku nzima, akazidi kuhara, macho yakamzama. Kesho yake asubuhi nilimrudisha zahanati. Muuguzi aliniuliza nilipima kwa chombo gani, nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa mkebe. Akatikisa kichwa. Maji ya kukorogea yakipungua, alisema, chumvi huvuta hata yale yaliyobaki mwilini. Nikoroge pakiti ya pili kwa lita kamili, na kama mtoto hatapata nafuu kufikia jioni, atapelekwa hospitali Mbarara.

Nyumbani palikuwa na vidumu viwili vya mafuta yaliyokwisha: cha lita tatu na cha lita tano. Cha lita moja hakikuwepo, wala kwa majirani. Niliketi nikavitazama, nikalia. Niliona nimemmaliza mwanangu kwa hesabu zangu mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa ameuza maziwa miaka mingi kabla ya vita. Alivichukua vile vidumu bila kuniuliza. Alijaza maji kile cha lita tatu, akayamimina yote katika cha lita tano. Akajaza tena cha tatu, akamimina taratibu mpaka cha tano kikakataa. Kilichobaki katika kile kidogo, alisema, ndiyo lita. Aliyatia maji hayo katika sufuria, akakwaruza alama kwa msumari pale yalipofikia.

Nikachota kwa mkebe wangu. Ulijaa mpaka ukingoni, na sufuriani maji bado yalibaki.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema nichemshe maji.

Tulikoroga pakiti ya pili kwenye maji yaliyopoa, tukiyafikisha kwenye alama, tukampa mtoto kijiko kwa kijiko kwa zamu. Hakuwa amekojoa hata tone tangu jana yake. Saa kumi jioni, akiwa amelala mapajani pangu, nilihisi joto. Kitenge changu kililowa. Nikataka kuinuka nibadilishe, mama mkwe akanikalisha kwa mkono.

"Ukae hivo hivo," alisema. "Acha nikione kwanza."

Akashika pale palipolowa, akalia yeye kabla yangu.