Bihogo Hapimwi na Njaa

Watu wa Nyakasimbi walijua gari la Mzee Clavery limefika wapi kwa kumsikiliza mkewe. Likikaribia kona ya kanisani, Bibi Renatha huwa kwenye Salamu Maria ya tatu. Likianza mteremko wa darajani, sauti inapanda. Na wakisikia "sasa na saa ya kufa kwetu" ikitamkwa kwa mkazo, akina mama waliokuwa barabarani huwavuta watoto na mbuzi pembeni, maana Bihogo anakuja.

Bihogo ni jina ambalo wafugaji wa huku humpa ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokoza, na Lendikruza kuukuu ya Clavery ilikuwa ya rangi hiyo hiyo. Jina lilitolewa kwa utani, mwenyewe akalipokea kwa fahari. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, Mhaya wa Muleba aliyeletwa Karagwe na kazi akiwa kijana mwembamba, akachanja ng'ombe wa Wanyambo miaka thelathini na minne, akajenga, akazaa, akaota kitambi, na mpaka leo hajaacha kuwaeleza wenyeji namna ya kufuga. Majirani walimpenda, na kumpenda hakukuwazuia kumcheka. Mkewe alisema shida ya Clavery ni kwamba kila jambo analijua, na lile asilolijua hulieleza kwa kirefu zaidi.

Miaka mitatu iliyopita alikwama kwenye tope la Igurwa, mbele ya watu wale wale aliokuwa amewaambia kwamba gari lake halikwami. Wiki ile ile akalinyanyua. Aliliwekea springi ndefu na matairi makubwa, Bihogo akasimama juu kiasi kwamba Renatha alihitaji kigoda ili apande. Tope halikumshinda tena. Ila kuna jambo aliambiwa na mafundi, akalijibu kabla halijaisha kusemwa.

Chini ya gari kuna chuma kirefu ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Kinapita toka upande mmoja hadi mwingine, na kazi yake ni kulizuia gari lisilale kwenye kona. Ncha zake hushikwa na vyuma viwili vidogo viitwavyo linki. Ukilinyanyua gari ukaacha linki zile zile, ni sawa na kumvisha kijana wa miaka kumi na minane suruali yake ya komunyo ya kwanza. Lazima kitu kipasuke. Linki za Bihogo zilikatika mwezi wa pili tu. Fundi mmoja wa njiani akang'oa vipande, akasema gari litakwenda hivyo hivyo. Kweli lilikwenda, likilala kulia, likilala kushoto, na hapo ndipo rozari ilipoingia.

Pasaka iliyopita ndiyo iliyoharibu kila kitu. Walikuwa wanakwenda Songambele, wilaya ya Kyerwa, kwa wakwe wa binti yao Evelyn, wamebeba kibuyu kikubwa cha rubisi, ile pombe ya ndizi, kwa sababu huku hakuna anayekwenda kwa wakwe mikono mitupu. Kwenye kona ya tatu baada ya Nkwenda, Bihogo alilala, kibuyu kikalala naye, na gomesi mpya ya Renatha, vazi lake la sherehe, nyeupe kama tui, ikainywa rubisi yote. Mama wa watu aliingia kwa wakwe akinuka kilabu. Bamkwe Nuwamanya, mfugaji mwenye adabu nyingi na ulimi mbaya, alimpokea kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu.

"Karibu sana, mzazi mwenzangu," alisema. "Naona mwaka huu rubisi mmeileta kwa kuivaa."

Renatha alicheka pamoja na wengine. Waliporudi nyumbani alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini, kwamba hatapanda tena gari lile. Clavery alizoea kugombezwa. Ile sauti ya chini ilimtisha.

Sasa Evelyn alikuwa amejifungua, na ubatizo wa mtoto ulipangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Renatha akatangaza kwamba atakwenda kwa bodaboda. Toka Nyakasimbi mpaka Songambele, bibi wa miaka sitini, ndani ya gomesi, nyuma ya kijana mwenye miwani ya jua, na mumewe akifuata peke yake kwenye gari la watu saba! Clavery alikosa usingizi. Aibu ilimuuma, hilo hakulificha. Lakini zaidi ya aibu kilimuuma kile kiti cha kushoto. Miaka thelathini na mitano hakuwahi kwenda mahali pa furaha bila mtu wa kumsahihisha njiani.

Akaamua kununua linki ndefu, na kwa kuwa ni yeye, akaamua kupima mwenyewe. Alisoma kwenye simu siku mbili nzima. Alijua kwamba gari hupimwa likisimama kwa magurudumu yake na si juu ya jeki, kwamba stebilaiza ilazwe sawa na ardhi, kisha upime toka tundu la juu hadi tundu la chini. Yote hayo aliyafanya vizuri. Kosa alilitoa kazini kwake.

Kwenye minada aliyoisimamia, wauzaji walikuwa na mchezo wa kuwalambisha ng'ombe chumvi na kuwanywesha maji mpaka matumbo yajae, ili mizani iseme uongo. Bwana mifugo Clavery hakuchezewa. Ng'ombe alilala njaa, asubuhi ndipo akapimwa. "Kipimo cha kweli ni cha tumbo tupu," aliwaambia, na wauzaji wakamchukia kwa heshima. Basi na Bihogo akamtoa kila kitu tumboni: tairi la akiba, spana, jembe, gunia la mkaa, hata mazulia. Akamwosha. Kisha akaingia uvunguni na utepe wake wa zamani wa kupimia vifua vya ng'ombe, unaoonyesha sentimita upande mmoja na makisio ya kilo upande wa pili. Akasoma sentimita, akaziandika kiganjani, akateremka Bukoba kwa basi.

Melkiory, mwenye duka la spea, alimwamkia kwa "Ta", heshima ya Kihaya kwa mzee, na kumpangia linki juu ya kaunta.

"Hizi fupi ni za kawaida, Ta Clavery, hazikufai. Hizi nyekundu ni ndefu, za kipimo kimoja. Zina goroli kwenye ncha, nzuri kwa lami, ila vumbi la kwenu litazitafuna. Hizi nyeusi zina mipira, hazina kelele, na katikati zina uzi. Ukizungusha huku unarefusha, huku unafupisha. Ningekuwa mimi—"

"Wewe si mimi," Clavery alimkata. "Linki ya kurefusha na kufupisha ni ya mtu asiyejua kipimo chake. Mimi kipimo ninacho." Akamwonyesha kiganja.

Melkiory alimfungia zile nyekundu na kumtakia safari njema. Kabla mzee hajavuka barabara, alikwisha zitia nyeusi kwenye boksi, akaandika CLAVERY kwa kalamu nene, akalisukuma chini ya kaunta.

Aliyezifunga ni Dusabe, fundi wa Omurushaka, mtu wa maneno machache.

"Mzee, ulipima likiwa na nini ndani?"

"Tupu. Kama inavyotakiwa."

"Sawa," alisema Dusabe, akaingia uvunguni. Fundi akisema sawa kwa namna ile, mwenye busara huuliza tena. Clavery hakuuliza.

Na kwa siku nne alikuwa mfalme. Peke yake ndani ya gari, alipita kona ya kanisani mara sita bila sababu yoyote, wima, mkono mmoja nje ya dirisha. Jumamosi akapakia mikungu minane ya ndizi na wanakwaya watatu kuwapeleka parokiani, Renatha akitazama toka getini. Bihogo alitembea hatua kumi, na chini yake kukaanza: ko! ko! ko! Kila shimo, ko! Wanakwaya walijaribu kuimba kufuata mapigo, wakashindwa kwa kicheko. Kemilembe, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akafungua mlango na kushuka.

"Mzee, kuna mtu anabisha hodi chini huko. Mfungulie kwanza."

"Wa bodaboda nimekwisha mwambia, Jumapili ya ubatizo aje saa kumi na mbili asubuhi," Renatha alisema toka getini, akaingia ndani.

Mzee alipolirudisha gari Omurushaka, Dusabe hakushangaa hata kidogo. "Bihogo akiwa mtupu anasimama wima," alieleza. "Akibeba, anakaa. Akikaa, linki uliyompa inakuwa ndefu kupita kiasi, inaisukuma stebilaiza juu. Ndiyo inayogonga."

"Lakini kipimo cha kweli ni cha tumbo tupu!"

"Cha ng'ombe wa mnada, mzee. Huyu wako, lini ulimwona na njaa?"

Clavery alianza kuzihesabu siku kwa vidole, asiipate hata moja. Bihogo hakuwahi kutoka nyumbani bila ndizi, bila mgonjwa, bila mtu wa lifti, bila cha kupeleka kwa watu. Wala hakuwahi kurudi bila kitu walichopewa na watu hao. Alikuwa amelinunulia linki gari ambalo halijawahi kuwepo. Aliketi juu ya tairi bovu akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akafuta macho, kwa sababu Dusabe alikuwa hajamaliza.

"Agiza zenye uzi. Halafu lete gari na mzigo ule ule wa ubatizo. Na watu wale wale. Pamoja na mama."

Kuagiza kulikuwa rahisi. Boksi lilifika kwa basi kesho yake, jina lake limeandikwa juu na vumbi la siku kadhaa limetanda juu ya jina, na kwenye simu Melkiory aliuliza tu alitume kwa basi lipi, jambo lililomchoma mzee kuliko kama angemcheka. Kumwomba Renatha ndiko kulikomtoa jasho. Alizunguka jikoni mara tatu. Alisifu ndizi. Mwisho akasema, "Mama Evelyn, nilikosea kupima."

Renatha aliacha kumenya. Tangu waoane hajawahi kulisikia neno "nilikosea" kinywani mwa mtu huyu. Akamwomba alirudie, eti hakusikia vizuri. Akalirudia. Akamwomba alirudie tena, jirani naye asikie. Baada ya hapo alikubali kwenda kupimwa, kwa masharti mawili: injini izimwe, na ufunguo aushike yeye.

Kwa hiyo Alhamisi watu wa Omurushaka walipata cha kutazama. Bihogo amepakiwa mikungu sita, gunia la mchele na dumu la rubisi lenye kifuniko cha kukaza. Mzee yuko kwenye usukani hana ufunguo, mama yuko kushoto kwake ameufumbata ufunguo kama sadaka, na miguu ya Dusabe imechomoza chini ya gari. Fundi alizungusha, akatazama, akafupisha kidogo, akatazama tena, mpaka stebilaiza ikalala sawa.

"Na mimi nikishuka?" Renatha aliuliza.

"Kipimo kinaharibika, mama."

"Yaani mimi ni spea."

"Ndiyo, mama. Tena orijino."

Renatha alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akampa mumewe ufunguo. "Jumapili nitapanda," alisema. "Rozari nakuja nayo."

Na alikuja nayo. Njia nzima mkono mmoja ulishika mshikio wa juu ya mlango, mwingine ukasogeza punje. Kwenye kona ya tatu baada ya Nkwenda alifumba macho. Bihogo akainama kidogo, kiasi cha mtu anayeamkia mkubwa wake, akainuka. Dumu halikusogea. Clavery alianza hapo hapo kutunga hotuba ya kujisifu, akaitia mafuta mpaka Songambele.

Nuwamanya aliwapokea getini, akamnusa Renatha kwa heshima zote. "Leo hunuki kitu, mzazi mwenzangu. Rubisi mmeinywa njiani?" Mtoto alibatizwa, akaitwa Placidius, akalia kwa nguvu za kutosha. Jioni ilipokaribia, wenyeji walianza kupakia mzigo wa wageni, Clavery akaomba usizidi wa kuja wala usipungue, kwa ajili ya linki. Nuwamanya alisema amepokea wageni wengi, ila huyu ndiye wa kwanza kudai zawadi kwa vipimo vya kiufundi. Wakapewa maharage, wakapewa mbuzi, na mapajani pa Renatha ikawekwa ekyanzi, chombo cha mti cha maziwa, imejaa mpaka shingoni.

Baada ya Nkwenda Clavery alisafisha koo aanze hotuba. Akageuka. Rozari haikuonekana, ilikuwa kwenye mkoba. Mkono uliokuwa umening'inia kwenye mshikio kwa miaka mitatu ulikuwa umelala juu ya kifuniko cha ekyanzi, na kichwa cha Renatha kimeegemea kiti, macho yamefumbwa. Mzee akaimeza hotuba, akapunguza mwendo, akapita kona moja baada ya nyingine polepole.

Walifika nyumbani jua halijazama. Akazima gari, asishuke. Jirani alikuja kuuliza habari za ubatizo, akamfukuza kwa kidole mdomoni. Mbuzi akalia nyuma, akamnyamazisha naye. Robo saa ikapita hivyo.

"Niko macho tangu Omurushaka," Renatha alisema bila kufumbua macho.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona kama utaniamsha ili ujisifu."

Akafumbua macho, akafungua ekyanzi na kuchungulia. Maziwa yalikuwa pale pale shingoni. Akakiweka kifuniko, akamgeukia mumewe.

"Haya, sasa jisifu."

Clavery alishuka, akazunguka upande wa kushoto, akamwekea kigoda na kuipokea ekyanzi.